The Checklist Manifesto na ile "ndiyo, shefu" yetu



Kuna kitabu ambacho ningeomba kila mmoja wetu anayeongoza timu akisome, na kiisha kukisoma agombane nacho kidogo. Ni The Checklist Manifesto cha Atul Gawande, kilichotoka Marekani mwaka 2009. Mwandishi ni munganga mpasuaji wa Boston, mtoto wa wazazi waliotoka India. Ukikipitia haraka haraka utafikiri ni kitabu cha kusifu karatasi: tengeneza orodha, weka alama, kazi itakuwa safi. Watu wengi wamekisoma hivyo, na njo maana wengi wamekitumia vibaya. Kwangu mimi kinazungumzia jambo lingine: namna gani watu watano, kumi au ishirini wanaofanya kazi moja wanaweza kuwa na picha moja ya hiyo kazi ndani ya vichwa vyao.

Kwetu jambo hilo tunaliita kirahisi tu: kuelewana. Mkutano unaisha, shefu anauliza, "Tumeelewana?" Wote wanajibu, "Ndiyo, shefu." Dakika tano nyuma, kwa koridoo, mmoja anamuliza mwenzake pole pole: "Ile alisema njo nini?" Kila aliyepata kufanya kazi kwa biro yoyote, toka Bunia mpaka Lubumbashi, anaijua hiyo koridoo. Swali langu katika maandishi haya ni moja: hiki kitabu kinatusaidia kuifunga hiyo koridoo, ao kinatupa tu karatasi nyingine ya kusaini?

Tuanze na kile kitabu kinasema, juu si wote wamekisoma.

Gawande anatupeleka kwanza mwaka 1935, tarehe 30 Oktoba, kwa uwanja wa ndege wa Wright Field kule Dayton, Ohio. Kampuni Boeing ilikuwa inaonyesha jeshi ndege yake mpya, Model 299. Ilipaa, ikasimama hewani, ikaanguka na kuwaka moto. Rubani hakuwa mtu wa kujifunza. Alikuwa kati ya wale wenye uzoefu mkubwa. Alisahau tu kufungua kifungo kimoja kinachoshika usukani wa nyuma. Ndege ilikuwa na mambo mengi kupita kile kichwa kimoja kinaweza kubeba. Marubani wa jeshi hawakuomba masomo marefu zaidi. Waliandika orodha fupi ya kuangalia mbele ya kuruka, na ile ndege, iliyokuja kuitwa B-17, ikaendelea kuruka.

Hadithi hiyo ni nzuri na ndiyo watu wanaikumbuka. Lakini ni hadithi ya mtu mmoja na kumbukumbu yake. Sehemu ya kitabu inayotuhusu sisi inakuja baadaye, pale Gawande anatoka kwa ndege na kuingia kwa watu wanaojenga majengo marefu.

Kule anakuta aina mbili za orodha zimebandikwa kwa ukuta. Ya kwanza ni ile tunayoijua wote: kazi gani ifanywe, siku gani, na nani. Ya pili ilimshangaza. Haikuandika kazi hata moja. Iliandika nani lazima azungumze na nani, mbele ya tarehe gani, na juu ya jambo gani. Mtu wa umeme na mtu wa maji lazima wakae pamoja juu ya stage fulani mbele ya siku fulani, na bila hao watu kukubaliana, kazi haiendelei. Wajenzi hao wanajua kwamba hakuna fundi mmoja anayeweza kuona jengo lote. Kwa hiyo hawamtegemei fundi mkubwa aone kila kitu. Wanategemea mazungumzo, na mazungumzo yenyewe wanayaweka kwa kalenda, sawa vile sisi tunaweka siku ya kuleta simenti.

Kwa maoni yangu, kurasa hizo za majengo zinapita kitabu chote kilichobaki. Angalia plani zetu za kazi, hata zile nzuri zenye rangi na vyumba vya kompyuta. Zinajaa vitendo: kununua, kusafirisha, kufundisha, kuandika raporo. Ni nadra sana ukute mstari unaosema: mtu wa mafranga na mtu wa terrain wazungumze juu ya bei ya usafiri mbele ya tarehe 10. Tunaandika kazi za mikono, tunasahau kazi ya masikio, na kiisha tunashangaa mradi unakwama.

Sasa tuje kwa lopitali, fasi ambapo kitabu kinapimwa kweli.

Shirika la Afya Duniani lilimwomba Gawande na wenzake watafute njia ya kupunguza vifo vya upasuaji. Mwaka 2008 likatangaza orodha ya mambo 19, yenye vituo vitatu vya kusimama: mbele ya kumlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi, mbele ya kumpasua, na mbele hajatoka ndani ya chumba. Mambo mengine ni ya kawaida kabisa: jina la mgonjwa, fasi ya kupasua, dawa ya kuzuia maambukizo imetolewa ao hapana. Lakini katikati yake kuna kitu ambacho waganga wengi walikicheka: kila mtu ndani ya chumba ajitambulishe, jina lake na kazi yake. Kiisha mpasuaji, yule wa kulaza mgonjwa na muuguzi, kila mmoja aseme kwa sauti anaogopa nini juu ya huyu mgonjwa.

Walijaribu hiyo orodha katika lopitali nane za miji nane: Toronto, Seattle, London, Auckland, Amman, New Delhi, Manila, na Ifakara ya Tanzania. Napenda tuikumbuke hiyo Ifakara. Watu husema mambo ya namna hii ni ya wazungu wenye mashini, lakini lopitali moja kati ya zile nane ilikuwa ya mashambani, nchi jirani, fasi ambapo wagonjwa wanaongea Kiswahili. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Wagonjwa 3.733 walifuatiliwa mbele ya orodha na 3.955 nyuma yake. Vifo vilishuka toka asilimia 1,5 mpaka asilimia 0,8. Matatizo makubwa yalishuka toka asilimia 11 mpaka 7. Hakuna dawa mpya iliyoletwa, hakuna mashini mpya.

Na kuna jambo dogo ambalo ninalipenda zaidi ya hizo namba. Waliwauliza wafanyakazi wa zile lopitali maoni yao. Karibu asilimia 20 walisema orodha ni ngumu, inakula wakati, haina faida. Kiisha wakaulizwa wote: kama ni wewe umelala pale juu ya meza, ungependa itumike? Asilimia 93 wakasema ndiyo. Kwa hiyo hata kati ya waliokuwa wanainung'unikia, wengi waliitaka kwa mwili wao wenyewe.

Kama kitabu kingeishia hapo, na sisi tungeishia hapo, hii ingekuwa maandishi ya kusifu tu. Lakini maisha yaliendelea nyuma ya kitabu, na yale yaliyotokea yanatufundisha kuliko kitabu chenyewe.

Jimbo la Ontario, Kanada, liliamua kuipeleka orodha katika lopitali zake zote. Watafiti wakaangalia lopitali 101, miezi mitatu mbele na miezi mitatu nyuma ya kuanza kuitumia. Matokeo yao yalitoka mwaka 2014. Kwa karatasi, lopitali karibu zote zilitangaza kwamba zinatumia orodha zaidi ya mara 90 kwa 100. Lakini vifo vilitoka asilimia 0,71 vikafika 0,65, tofauti ndogo sana ambayo haiwezi kuonyesha kama orodha ndiyo iliyofanya kazi. Orodha ilikuwa na vituo vile vile vitatu, lakini faida haikuonekana.

Kiisha mwaka 2017 yakaja matokeo ya Carolina ya Kusini, Marekani. Pale lopitali hazikulazimishwa. Zile 14 zilizokubali kufuata mafunzo mpaka mwisho, kukaa na wapasuaji wao, kuibadilisha orodha ifanane na kazi yao na kuijaribu pole pole, zilipunguza vifo nyuma ya upasuaji kwa asilimia 22 hivi kuliko zile nyingine.

Ukiweka Ontario na Carolina pembeni kwa pembeni, kosa la kitabu linaonekana. Gawande anajua, na anaandika mara mingi, kwamba alama kwa karatasi si lengo; lengo ni watu kuzungumza. Lakini yeye ni mwandishi mzuri mno, na uzuri wake unamsaliti. Kila sura inaisha na ushindi. Rubani anaokoa ndege, munganga anaokoa mgonjwa. Kuna hata sehemu juu ya watu wa kuwekeza mafranga, ambayo mimi naona ingetolewa yote bila kitabu kupoteza kitu. Msomaji anafunga kitabu akiwa na hamu ya kuandika orodha kesho asubuhi. Hana hamu ya kufanya ile kazi chafu ya miezi mingi, ya kukaa na mpasuaji mwenye kiburi na kumwonyesha kwamba yule dada anayeshika mikasi anaweza kuwa ameona kitu ambacho yeye hajakiona. Hiyo kazi chafu, ile ya Carolina, imepewa kurasa kidogo sana.

Na hapa nafika kwa moyo wa jambo. Picha moja ndani ya vichwa vya timu haijengwi pale shefu anaeleza vizuri. Inajengwa pale mtu wa chini anaweza kusema "ngojeni", na watu wakangoja kweli.

Mfano mbaya kuliko yote kila rubani anaujua. Tarehe 27 Machi 1977, kwa uwanja wa Tenerife katika visiwa vya Canary, ndege mbili kubwa, moja ya KLM na moja ya Pan Am, ziligongana chini ndani ya ukungu. Watu 583 walikufa. Rubani mkuu wa KLM alikuwa mtu wa heshima kubwa ndani ya kampuni, mwalimu wa marubani wenzake. Alianza kukimbiza ndege akiamini njia iko wazi. Nyuma yake fundi wa ndege aliuliza kama ile ndege nyingine haijatoka bado kwa njia. Aliuliza, hakusema "simama". Rubani mkuu akamjibu kwamba imetoka, na fundi akanyamaza. Ndani ya kile chumba kidogo kulikuwa na watu watatu wenye masomo na uzoefu, lakini picha zilikuwa mbili. Ile iliyokuwa ya kweli ilikuwa kwa mtu mwenye sauti ndogo.

Nyuma ya ajali hiyo na zingine, makampuni ya ndege yalibadili mafunzo. Kutoka mwisho wa miaka ya 1970 na kuanzia 1980 na kitu, marubani walianza kufundishwa namna ya kumsikiliza mdogo, na wadogo namna ya kusema mpaka wasikike. Gawande anaonyesha matunda ya hayo pale anaposimulia ndege iliyotua juu ya mto Hudson, New York, tarehe 15 Januari 2009, ambapo watu wote 155 walipona. Magazeti yalitafuta shujaa mmoja, Sullenberger. Gawande anasema hapana, muangalie wote. Rubani mkuu na msaidizi wake Skiles hawakuwa wamezoeana. Walikuwa wameanza kuruka pamoja siku chache tu mbele yake. Lakini walikuwa wamejitambulisha, wamezungumza mbele ya kuruka, kila mtu anajua kazi yake na ya mwenzake. Hapo namkubali mwandishi kabisa. Hata yale majina kwa chumba cha upasuaji yana maana hiyo hiyo: mtu aliyekwisha kufungua mdomo mara moja, hata kusema jina lake tu, inakuwa rahisi afungue tena pale anaona hatari.

Sasa turudi nyumbani. Je, hiki kitabu kinaweza kuishi Congo?

Shida ya kwanza ambayo Gawande haigusi karibu kabisa ni lugha. Timu zake zote, hata ile ya Ifakara namna anavyoiandika, zinaonekana zinaongea na kusikilizana; kinachokosekana ni desturi tu. Kwetu, mashariki ya inchi, mkutano unafanyika kwa Kifaransa. PV inaandikwa kwa Kifaransa. TDR ni za Kifaransa, na siku hizi wakati mwingine za Kiingereza. Lakini kazi yenyewe inafanyika kwa Kiswahili, tena Kiswahili chetu, si kile cha vitabu. Dereva, sentinele, mobilizateri, mama wa kupima watoto, hata muuguzi mwenyewe, anasikia Kifaransa cha mkutano lakini hawezi kukitumia kwa kubishana. Kusikia lugha na kubishana ndani yake ni vitu viwili tofauti. Mtu anaweza kufuata maelezo ya saa nzima kwa Kifaransa, lakini swali lake linamjia kwa Kiswahili, na kwa sababu hataki kuchekwa juu ya kosa la sarufi, analimeza. Analipeleka kwa koridoo. "Ndiyo, shefu" mara mingi ni tafsiri ya "sina Kifaransa cha kukuuliza".

Mutaniambia ni jambo dogo. Basi tuchukue neno moja tu. Tuwaze timu inaenda kuandika watu watakaopata msaada katika kijiji chenye wakimbizi wa vita. Karatasi inasema: andikeni "ménages". Wote walisoma, wote walisaini. Wa kwanza anaelewa ni nyumba, jengo lenye mlango. Wa pili anaelewa ni bwana na bibi na watoto wao. Wa tatu anaelewa ni wale wanaokula kwa chungu kimoja. Sasa wanafika kwa mzee mwenye wabibi wawili, kila mmoja na jiko lake, na ndani ya kiwanja chake amepokea jamaa mbili zilizokimbia. Wa kwanza ataandika namna yake, wa pili yake, wa tatu yake, na hakuna anayekosea kwa picha yake mwenyewe. Siku ya kugawanya, mama mmoja aliyefika na watoto wanne bila kitu atakuta jina lake halimo. Atalia mbele ya watu, vijana watakasirika, na timu itarudi biro kusema "wanakijiji ni wagumu". Hakuna ugumu pale. Kulikuwa na neno moja ambalo halikufunguliwa kwa lugha ya watu watakaolitumia, juu kulifungua kungeonekana kama ujinga mbele ya shefu.

Tumeona jambo la namna hii kwa kiasi kikubwa zaidi wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, ile iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, iliyoua watu zaidi ya 2.200. Sababu za watu kukataa timu za afya zilikuwa mingi: vita, siasa, mafranga, kukosa imani ya muda mrefu. Sitaki kuzipunguza zote kwa lugha. Lakini wale waliochunguza mambo ya lugha walionyesha wazi kwamba maelezo mingi yaliandikwa kwa Kifaransa ao kwa Kiswahili sanifu ambacho watu wa pale hawakukielewa vizuri, na kwamba hata wafanyakazi wenyewe wa uhamasishaji walikuwa wanabeba maneno ambayo wao hawakuyashika sawa sawa. Mtu atafunguaje kwa mwingine kile hakufunguliwa yeye mwenyewe?

Shida ya pili ni bei ya kusema. Gawande anasimulia vizuri kile kilichofanyika Johns Hopkins, Baltimore, pale munganga Peter Pronovost alipotengeneza orodha ya hatua tano za kuweka mpira ndani ya mshipa mkubwa. Hakuwaomba tu waganga waifuate. Aliwafanya wakubwa wa lopitali wawape wauguzi ruhusa ya kumsimamisha munganga akiruka hatua, na wakubwa wakasema wazi kwamba watasimama na muuguzi. Hilo ndilo fundo lote, kwa maoni yangu. Lakini kitabu kinalipita haraka, kama vile ruhusa ni kitu kinachotolewa kwa neno moja na kiisha kinabaki.

Kwetu, mwenye kusema "ngojeni" ana kontra ya miezi mitatu, labda sita. Nyuma yake kuna wahitimu makumi wanaongoja nafasi yake, na wengi wetu tunajua hivyo juu tulikuwa ndani ya huo mustari. Nyumbani ana minerval ya watoto na ndugu wadogo wanaomtazama. Akisema hapana leo, anaweza asifukuzwe. Kontra yake itaisha tu na haitarudishwa, na hakuna atakayemweleza sababu. Huyo mtu, tukimwambia "kuwa na ujasiri, toa maoni", tunamdanganya. Ujasiri bila ulinzi ni kumtuma mtu avuke mto kwa niaba yetu. Kitabu kilichoandikwa na munganga mkubwa wa Boston kinaweza kusahau jambo hilo. Sisi hatuna haki ya kulisahau.

Najua wakubwa fulani watanijibu, na jibu lao lina uzito. Watasema: sisi Waafrika tunajua kukubaliana toka zamani, tuna baraza, wazee wanakaa chini, kila mtu anasema mpaka neno linakuwa moja; hatuhitaji orodha ya munganga wa Marekani. Nakubali nusu. Baraza lina kitu ambacho mkutano wa biro hauna: muda, na lugha ya watu wenyewe. Hakuna anayeangalia saa, hakuna anayeogopa sarufi. Lakini tuseme ukweli wote. Ndani ya baraza mingi, vijana wanasikiliza, wamama wanaletewa uamuzi kwa jikoni, na mzee akiisha kufunga neno, limefungwa. Picha ni moja kwa sababu watu fulani hawakuulizwa picha yao. Tukichukua lugha na muda wa baraza, tuache ile desturi yake ya kuhesabu kimya cha wadogo kama ndiyo.

Wengine watasema: timu ni kama jeshi, lazima shefu mmoja; kila mtu akisimamisha kazi, hatutafika. Hapo pia kitabu kina jibu zuri. Vituo vya orodha ni vitatu tu, na vinajulikana mbele. Hakuna anayemsimamisha mpasuaji katikati ya kila mkato. Shefu anabaki shefu. Kinachobadilika ni kwamba kuna dakika zilizotengwa, fupi, ambapo cheo kinawekwa pembeni na kila mmoja anatakiwa kusema, si anaruhusiwa tu kusema. Tofauti hiyo ni kubwa. Mahali ambapo kusema ni ruhusa, mwenye kusema anaonekana mkaidi. Mahali ambapo kusema ni kazi ya kila mtu kwa zamu, hakuna mkaidi, hata mwoga ana kitu cha kujificha nyuma yake: "nimeulizwa, nimejibu."

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya kitabu ni hii. Kisomeni, sana sana sura ya wajenzi na ile ya kupima orodha kwa zile lopitali nane. Karibu na mwisho kuna mgonjwa wa Gawande mwenyewe, aliyepona kwa sababu damu ilikuwa imetayarishwa mbele kutokana na orodha. Usiruke kurasa hizo, ni za kweli na za unyenyekevu. Lakini usikipe timu yako kama katekisimu. Kinajua vizuri nini kinatakiwa kutokea ndani ya chumba, lakini kinajua kidogo sana kwa nini hakitokei. Mwaka 2009 mwandishi hakuwa ameona Ontario. Sisi tumeiona, na tunaiona kila mwezi kwa biro zetu: karatasi imejaa alama, na watu wako na picha kumi.

Mimi ningekitumia hapa kwetu kwa kukibadili hivi. Mkutano wa kutoa kazi ufanyike kwa lugha ambayo mtu wa chini kabisa ndani ya timu anaweza kubishana nayo, hata kama PV itaandikwa nyuma yake kwa Kifaransa. Maneno yanayobeba kazi, kama lile "ménage", yafunguliwe kwa mfano wa mtu na nyumba, mpaka kila mmoja amweke yule mzee wa wabibi wawili fasi moja. Swali la "tumeelewana?" lizikwe kabisa, juu lina jibu moja tu. Fasi yake shefu aulize: "Wewe utafanya nini ukifika pale?" na aanze na dereva, amalize na msaidizi wake. Na mkubwa aandike, kwa karatasi yenye muhuri, kwamba mtu aliyesimamisha kazi kwa sababu ya hatari aliyoiona hataguswa, hata kama ilionekana nyuma kwamba hakukuwa na hatari. Hilo la mwisho ndilo gumu, na bila lenyewe mengine yote yatakuwa mchezo wa kuigiza.

Wengi kati ya wahitimu wa ukurasa huu ni mashefu sasa, ao watakuwa kesho. Kwa hiyo nawaachia swali, na ningependa mujibu kwa ukweli: katika timu yako, nani wa chini kabisa, na mara ya mwisho alikuambia "ngojeni" ilikuwa lini? Kama huwezi kukumbuka, usifurahi haraka kwamba timu yako inaelewana. Toka kidogo ukasikilize kule kwa koridoo.